Mgao umepungua na ardhi imechoka: samadi ya jirani inaweza kutusaidia kiasi gani?

Kama unaishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, au katika kijiji kinachopakana nayo, huhitaji kuambiwa kwamba chakula ndiyo habari kubwa kuliko zote. Kuna swali lisilozungumzwa sana kwenye mikutano: ile ploti uliyopewa, au shamba unalokodi kwa mwenyeji, bado ina nguvu ya kubeba mzigo ambao mgao ulikuwa unaubeba? Na kama nguvu imekwisha, je, samadi na mabaki ya shamba yanayotupwa au kuchomwa kila msimu yanaweza kuirudisha?

Jibu fupi ni ndiyo, kwa sehemu. Makala haya yanaeleza ni sehemu gani, kwa nini si yote, na ni mambo gani ambayo wewe na jirani yako mnapaswa kuyapanga kabla hamjaanza kubeba magunia ya samadi.

Tulifikaje hapa

Mgao haukukatwa kwa siku moja. Mwezi wa Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao nchini Uganda hadi asilimia 70 ya kiwango kamili. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Kuanzia Julai 2023 kaya ziligawanywa katika makundi matatu kulingana na udhaifu wao, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye orodha. Mei 2025 WFP ikatangaza kwamba karibu watu milioni moja hawatapata tena msaada wa chakula kwa sababu ya ukosefu wa fedha, na kwamba wanaobaki ni takriban 663,000.

Sera ya Uganda ilijengwa juu ya wazo kwamba mkimbizi akipata ardhi ataweza kujilisha polepole. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na Kanuni za 2010 zinampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, kutembea na kutumia ardhi aliyopangiwa katika makazi. Nchi nyingi za jirani hazitoi nafasi hiyo. Lakini wazo hilo lina sharti ndani yake: ardhi iwe ya kutosha, na iwe na rutuba. Leo Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.8. Kipimo cha ploti kinachotajwa katika makazi mengi ni mita 30 kwa 30, na waliofika karibuni mara nyingi wamepata pungufu. Ndani ya kipimo hicho kuna nyumba, choo, jiko na njia ya kupita.

Wengi wenu mlilima Masisi, Rutshuru, Uvira au Kirundo kabla ya kuvuka mpaka. Kule mlijua la kufanya shamba likichoka: mlilipumzisha na kuhamia upande mwingine. Hapa hakuna upande mwingine. Ploti ileile hulimwa Machi, ikalimwa tena Septemba, mwaka baada ya mwaka. Nakivale ni makazi ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo kuna udongo kule Isingiro ambao umelimwa na vizazi vitatu bila kupumzika.

Hesabu ya udongo

Tuchukue ploti ya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, na tuseme yote imepandwa mahindi na imetoa magunia mawili ya kilo 100 kwa msimu. Punje za mahindi hubeba takriban kilo moja na nusu ya naitrojeni katika kila kilo 100. Hivyo magunia yako mawili yameondoka na kilo 3 hivi za naitrojeni. Kwa misimu miwili ni kilo 6 kwa mwaka. Ukichoma na mabua, au ukiyauza, unaongeza hasara hiyo. Kuna pia fosforasi na potasiamu, ambazo nazo huondoka na mavuno.

Hali hii haiko Uganda peke yake. Utafiti wa Stoorvogel na Smaling uliochapishwa mwaka 1990, ambao wataalamu wa udongo huutaja mpaka leo, ulikadiria kwamba mashamba ya Afrika kusini mwa Sahara yalikuwa yakipoteza kwa wastani kilo 22 za naitrojeni kwa kila hekta kwa mwaka. Serikali za Afrika zilikutana Abuja mwaka 2006 zikaahidi kufikisha matumizi ya mbolea kilo 50 kwa hekta ifikapo 2015. Mwaka 2015 ukapita na nchi nyingi hazijakaribia. Mei 2024 zikakutana tena Nairobi, na safari hii tamko lao likazungumzia afya ya udongo na mbolea za asili pamoja na zile za viwandani, na lengo likasogezwa hadi 2034. Kwa maneno mengine, viongozi wenyewe wamekubali kwamba mfuko wa dukani peke yake hautoshi.

Sasa tuangalie samadi. Kiwango ambacho mabwana shamba hukitaja mara nyingi kwa mboji iliyoiva ni tani 5 kwa hekta. Kwa ploti yako hiyo ni kilo 450, sawa na magunia kumi hivi ya kubeba kwa wilibaro. Mboji nzuri ya kiasi hicho, ikiwa na unyevu wake wa kawaida, ina kilo 3 hadi 4 za naitrojeni. Linganisha na kilo 3 zilizoondoka na mahindi. Mboji inaweza kulipa deni la msimu mmoja, lakini hailipi madeni ya miaka kumi na mitano kwa mkupuo. Tena hailipi yote papo hapo, kwa maana naitrojeni yake hutoka polepole, sehemu ndogo msimu wa kwanza na iliyobaki katika misimu inayofuata.

Kwa nini basi tusinunue urea tu? Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo kilo 6 au 7 zingetosha kulipa deni hilohilo. Kama unazo fedha, urea inasaidia kweli, na makala haya hayakuambii uiache. Lakini tulishuhudia wenyewe bei ilivyopaa mwaka 2021 na 2022, na mkulima mdogo hana uwezo wa kuizuia isipae tena. Tena urea haileti kile ambacho udongo uliochoka umekikosa zaidi, yaani ule uozo mweusi unaoshika maji na kuzuia mbolea isisombwe na mvua. Katika udongo usio na uozo huo, sehemu kubwa ya urea unayoinunua huenda bondeni na maji ya mvua kubwa ya kwanza.

Nchi mnazotoka zina mifano ya jambo hili. Rwanda ilianzisha mpango wa Girinka mwaka 2006 wa kuipa kila kaya maskini ng'ombe mmoja. Watu husifu maziwa, lakini kwa mkulima wa mlimani samadi ilikuwa zawadi ya pili isiyo ndogo. Burundi ina kiwanda cha FOMI, ambacho hutengeneza mbolea kwa kuchanganya samadi na madini. Wazo la kuunganisha samadi na mbolea ya madini mnalijua, hata kama hapa makazini hakuna kiwanda. Kwa ploti ndogo linafanyika hivi: konzi mbili za mboji katika kila shimo la kupandia, na kifuniko kimoja cha soda cha DAP kikichanganywa na udongo kidogo ili isigusane na mbegu. Ploti ya mita 30 kwa 30 yenye mashimo ya sentimita 75 kwa 50 ina mashimo 2,400, na kilo 450 za mboji zinatosha konzi mbili kila shimo. Kuimwaga mboji ikatapakaa shamba zima ni kuipoteza.

Samadi ni ya nani?

Hapa ndipo kilimo kinapogusa ujirani. Mkimbizi mara nyingi ana mikono na mabaki ya shamba, ila hana ng'ombe. Mwenyeji mfugaji ana ng'ombe, na kila asubuhi zizi lake lina samadi asiyojua aipeleke wapi. Ng'ombe mzima hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mavi mabichi kwa siku, na yale ya usiku hubaki zizini. Ukihesabu kilo 6 kwa usiku, ng'ombe watano huacha kilo 900 kwa mwezi. Zikichanganywa na mabua na majani makavu, zinatosha mboji ya ploti nzima.

Zamani samadi ilitolewa bure, hata mwenye zizi alishukuru ukimwondolea. Kitu kikianza kutafutwa hupata bei, na sehemu nyingine bei imeshaanza. Hilo si kosa la mwenyeji. Yeye pia ana shamba la ndizi linalohitaji samadi, na huyo mkimbizi anayelalamikia bei ya samadi pengine ndiye anayemkodishia ng'ombe wa jirani mabua ya kulisha kiangazi. Tatizo ni pale ambapo hakuna makubaliano. Ng'ombe huingia kwenye maharage ya mkimbizi, mbuzi wa mkimbizi huingia kwenye migomba ya mwenyeji, na kila mmoja hukumbuka la mwenzake tu.

Njia iliyo wazi ni kubadilishana: mabua baada ya kuvuna kwa samadi wakati wa kiangazi. Lakini yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Andikeni ni magunia mangapi, nani anabeba, lini, na ng'ombe wanaruhusiwa kuingia shambani tarehe gani mpaka tarehe gani. Mwenyekiti wa LC1 upande wa wenyeji na kiongozi wa RWC upande wa wakimbizi wawe mashahidi. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na itamaliza ugomvi mwingi kabla haujafika polisi.

Kuna jambo moja la tahadhari. Serikali ikitangaza karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, usihamishe samadi kutoka zizi moja kwenda jingine. Ugonjwa huo husafiri hata kwa samadi na viatu. Na mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla usiuguse wala kuuweka kwenye lundo kwa hali yoyote. Huenda ni kimeta, na joto la mboji haliui mbegu za kimeta. Mwite afisa wa mifugo.

Lundo linalofanya kazi

Samadi iliyoachwa juani wiki tatu imepoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake hewani. Samadi mbichi ikiwekwa moja kwa moja kwenye shimo la mbegu huunguza mizizi na kuleta magugu. Kati ya hayo mawili ndipo mboji ilipo.

Tafuta mahali penye kivuli, mbali na kisima, angalau mita 30, na mahali maji ya mvua hayapiti. Katakata mabua yawe mafupi kama kiganja, kwa sababu bua zima litakaa mwaka mzima bila kuoza. Weka tabaka la makavu, kisha samadi, kisha majani mabichi, kisha udongo kidogo, halafu rudia. Kwa makadirio, madebe mawili ya makavu kwa debe moja la samadi. Nyunyiza maji kila tabaka. Lundo liwe na upana wa mita moja na nusu na urefu wa kwenda juu wa mita moja au zaidi kidogo, maana lundo dogo halipati joto. Lifunike kwa majani ya migomba.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku tano au sita kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, maji yamezidi au samadi imezidi, kwa hiyo ligeuze na uongeze makavu. Ukikamata konzi na kuiminya, iwe na unyevu lakini isitiririke. Geuza lundo baada ya wiki tatu, kisha tena baada ya wiki tatu nyingine, yaliyokuwa nje yaingie ndani. Joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi, na halifiki pembeni mwa lundo. Kwa miezi miwili na nusu hadi mitatu utakuwa na kitu cheusi kinachonukia kama msitu baada ya mvua.

Usiweke plastiki, betri, wala mavi ya binadamu. Usiweke migomba iliyokatwa kwa sababu ya mnyauko, kwani utausambaza. Na kama unalima mboga za kuliwa mbichi, tumia mboji iliyoiva tu, na watoto wanawe mikono baada ya kuishika.

Wasomaji wetu wa Kalobeyei na Kakuma, na wengine wa sehemu kavu, chimbeni shimo badala ya kujenga lundo. Shimo hutunza maji, na samadi ya mbuzi, ambayo ndiyo mnayoipata kwa jirani zenu Waturkana, ni kavu na ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Mtahitaji maji zaidi mwanzoni, kwa hiyo maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye mabango

Mboji husemwa kwamba ni ya bure. Si kweli. Kilo 450 za mboji hutokana na takriban tani moja ya vitu vibichi, ambavyo lazima mtu avikusanye, avikate, avibebe na kuvigeuza. Lundo hilo linakunywa madumu mengi ya maji. Katika kaya nyingi mtu huyo ni mama, yuleyule anayepanga foleni ya maji na kutafuta kuni. Kama kaya ina mtu mmoja mwenye nguvu, anza na lundo dogo la kutosha bustani ya mboga na mashimo mia tatu ya mahindi. Majirani watatu au wanne wakisaidiana zamu, wanaweza kulimaliza lundo kubwa kwa asubuhi moja.

Gharama ya pili ni kuni. Mabua na magunzi unayotaka kuyaozesha ndiyo yanayopika chakula cha jioni. Hakuna mafunzo yatakayomshawishi mtu aozeshe kuni yake wakati watoto wana njaa. Gawanya hivi: magunzi na mashina magumu yaende jikoni, kwa sababu huoza polepole mno. Majani ya mahindi, maganda ya maharage, maganda ya ndizi na magugu yasiyo na mbegu yaende kwenye lundo. Na majivu yarudi shambani kwa kiasi, kwani yana potasiamu ingawa naitrojeni imeshaungua.

Nani atauvuna udongo ulioutengeneza?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na halijibiwi kwa uma wala wilibaro. Kanuni za 2010 zinakuruhusu kutumia ardhi ya makazi, lakini huwezi kuiuza wala kuikodisha. Wakati mwingine maeneo hupimwa upya ili kuwapokea wanaokuja. Ukikodi kwa mwenyeji, mara nyingi ni kwa msimu mmoja mmoja, na wapo waliotengeneza shamba vizuri kisha msimu uliofuata wakaambiwa mwenyewe analihitaji. Faida ya mboji huja kwa misimu miwili au mitatu. Mtu anayekodi msimu mmoja hana sababu ya kuuweka udongo kitu atakachokivuna mwingine, na hatupaswi kumwita mvivu kwa hilo.

Kwa hiyo, mboji yako ya kwanza iweke kwenye ploti yako ya nyumbani. Unapokodi, omba misimu minne kwa maandishi, na mweleze mwenye shamba kwamba utaweka mboji, kwa kuwa naye atafaidika. Mwenyeji, wewe nawe fikiria: mpangaji wa miaka miwili hukurudishia shamba lenye nguvu, lakini wa msimu mmoja hulikamua akaondoka.

Mradi wa mbolea ukija katika eneo lako, usiishie kutia sahihi ya mahudhurio. Uganda ina utaratibu kwamba sehemu ya misaada, asilimia 30, iwafikie wenyeji. Uliza kama wenyeji wenye ng'ombe wamo kwenye mradi au ni wakimbizi peke yao, maana mradi wa mboji usio na mwenye zizi hautakuwa na samadi. Uliza maji yatatoka wapi. Uliza kama watarudi kupima mavuno baada ya misimu miwili, au watahesabu tu idadi ya waliofundishwa. Maswali hayo ni haki yako, na afisa anayejua kazi yake atayafurahia.

Mboji haiwezi kuchukua nafasi ya mgao uliokatwa. Ploti ya mita 30 kwa 30, hata yenye rutuba nzuri, hailishi kaya ya watu saba mwaka mzima, na yeyote anayesema hivyo kwa wafadhili anawadanganya wao na wewe. Inachoweza kufanya ni kuzuia ploti hiyo isizidi kufa, na kuongeza mboga, maharage na debe chache za mahindi katika mwaka ambao kila debe linahesabika.

Kalenda ni hii. Kati ya mavuno ya Juni na Julai na mvua za Septemba kuna wiki nane hadi kumi. Anayekusanya mabaki wiki ileile ya kuvuna atapanda na mboji Septemba. Kwa mvua za Machi, lundo lianze mapema Desemba na maganda ya maharage, bila kusubiri mabua ya Januari. Zungumza na mwenye zizi kabla ya kuvuna, wakati bado una mabua ya kumpa.